Rupia ya Saba

Zilikuwa nyeusi. Si nyeusi ya sufuria wala ya mkaa. Zilikuwa nyeusi kiasi kwamba ungezipeleka kwenye chumba chenye giza, giza lingeomba msamaha na kutoka nje.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alizimwaga mezani kwake Carama, hapa Bujumbura, Jumamosi moja asubuhi: rupia saba za fedha, za wakati wa Mjerumani, kila moja pana kama kifuniko cha chupa ya bia. Upande mmoja kulikuwa na mzungu aliyevaa kofia ya chuma, ndege amekaa juu ya kofia, na masharubu yamesimama kama pembe za ng'ombe wetu. Upande wa pili maandishi na namba. Nilihisi kama nimewekewa mezani vita nzima, pamoja na aliyeianzisha.

"We ndiye ulisoma," shangazi akasema. "Peleka hizi kwa mufundi. Aziyeyushe, atengeneze bangili ya mujukuu wangu. Ndoa iko karibu."

Niseme ukweli kuhusu kusoma kwangu. Nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na moja, dawati moja na dereva wa lori na mama mwenye wajukuu wanne, na diploma yangu nimeiweka ndani ya kioo, sebuleni, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuangalia habari bila kuisoma. Tangu siku hiyo kila kitu kisichoeleweka katika ukoo wetu huletwa kwangu: barua za benki, dawa zenye maandishi madogo, redio zilizonyamaza. Nilisomea uhasibu, lakini hakuna anayejali. Diploma ni diploma.

Mjukuu mwenyewe, ambaye ni muuguzi na anaishi pale pale kwa shangazi, alikuwa anavaa viatu aende kazini. Akasimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

"Bibi, bangili ya nini? Tuziuze, tununue frigo."

"Frigo!" shangazi akasema. "Na huu umeme wetu? Utakuwa umenunua kabati yenye mulango muzito. Na siku ya ndoa utaivaa mukono gani?"

Msichana akacheka, akavaa kiatu cha pili, akaenda. Shangazi akaingia jikoni kuangalia maharagwe. Nikabaki na zile rupia peke yangu kwenye baraza.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kushika kitu bila kutaka kujua kinasema nini. Nilipokuwa mdogo nilifungua saa ya baba nione anayegonga ndani ni nani. Basi nikachukua rupia ya kwanza, nikaiachia ianguke kwenye sementi.

Ting! Sauti nyembamba, safi, ndefu. Naapa ilikaa hewani mpaka jogoo wa jirani akanyamaza kuisikiliza. Nikaangusha ya pili: ting! Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, zote ziliimba kama kwaya iliyofanya mazoezi wiki nzima. Nikaangusha ya saba.

Tap.

Kama kifungo cha koti. Nikaiokota, nikaiangusha tena kwa upande mwingine. Tap.

"Rudia hiyo," sauti ikatoka jikoni.

"Ipi, shangazi?"

"Usinifanye mujinga. Ile ya mwisho."

Nikairudia. Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama juu yangu. Ana miaka zaidi ya sabini, na siku nyingine lazima umwite mara tatu ndipo aitike, lakini tap ile aliisikia kupitia ukuta, maharagwe yakichemka.

"Yule mama," akasema taratibu. "Nilijua."

Yule mama ni mama mkwe wake, aliyefariki zamani. Na hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mtu atajiuliza iliwezekanaje rupia bubu ikae nyumbani miaka zaidi ya hamsini pasipo mtu kuijua. Rupia zile ni mahari ya shangazi. Wakwe zake walizileta kutoka Kajaga, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Na katika ukoo wetu, siku ya kupokea mahari ya namna hiyo, mjomba wa bibi harusi huchukua sarafu moja tu na kuiangusha juu ya jiwe la kusagia. Moja. Ikiimba, zote zimeimba. Ukiangusha ya pili umewaambia wakwe zako kwamba ni wezi, na watu watanyanyuka kwenye viti kabla ya kukaa vizuri. Mjomba aliangusha moja, ikaimba, vigelegele vikapigwa, kitambaa kikafungwa. Bibi harusi naye hapimi mahari yake mwenyewe. Ingekuwa kama kujipandisha kwenye mizani ya sokoni. Kwa hiyo zile nyingine sita, mtu wa kwanza kuzisikia alikuwa mimi, na kiherehere changu.

Shangazi akakaa. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi kwenye kitenge chake na hakuuona.

"Hakunitaka," akasema. "Alinionyesha siku ile ile ya ndoa, mbele ya watu. Mi nimetembea Bujumbura nzima nikisema nililetewa rupia saba. Wanawake wenzangu waliletewa mbuzi, mi rupia saba. Kumbe sita na kipande cha bati."

"Hatujajua kama ni bati, shangazi."

"Basi ujue. We na diploma yako." Akanyoosha mwiko kifuani pangu. "Kama ni bati, uziuze zote. Zote! Siwezi kumupa mutoto bangili ya uongo. Na hiyo ya saba uitupe ziwani, mbali, samaki wote mpaka ndagala waikimbie."

"Na kama ni fedha?"

Akapangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi.

"Kama ni fedha, basi nimemuchukia mutu bure miaka hamusini. Sijui hata niombe lipi."

Nikaondoka na kopo la rupia ndani ya kikapu, juu yake shangazi amepanga matembele, ili wezi wote wa jiji, ambao kwa maoni yake walikuwa wamejipanga kunisubiri kuanzia Carama hadi nyumbani kwangu, wadhani nimetumwa mboga.

Jumapili baada ya kanisa nikafungua maabara kwenye meza ya kulia chakula. Nilianza na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Haikushika rupia yoyote, na nikashangilia, halafu nikakumbuka kwamba hata bati na risasi hazishikwi na sumaku. Nikatengeneza mizani kwa henga ya nguo na makopo mawili ya sadini. Nikazipima mbili mbili. Zile sita zililingana kama mapacha. Ya saba ilipanda juu kidogo, unene wa ukucha. Moyo wangu ukashuka kwa kiasi kile kile.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa sayansi wa masomo ya jioni, aliyetusimulia juu ya mzee wa Kigiriki aliyegundua siri ya taji la mfalme akiwa bafuni, akakimbia barabarani bila nguo. Nguo zangu nilibaki nazo, lakini nilijaza glasi ya maji mpaka ukingoni, nikatumbukiza rupia, nikangoja sayansi izungumze. Maji yakamwagika mezani. Mke wangu akaja, akatazama.

"Sayansi yako inasema nini?"

"Inasema maji yamemwagika."

"Na kitambaa changu kimelowa. Hiyo hata mi nisiyesoma jioni ningekwambia."

Kitu kingine kilinisumbua zaidi. Katika zile sita, yule mzungu wa kofia alikuwa amechakaa kidogo, lakini masharubu unayaona, ndege unamwona. Katika ya saba, uso ulikuwa umefutika kabisa. Shavu, jicho, masharubu, vyote vimelainika kama sabuni iliyobakia. Ukigeuza upande wa pili, maandishi yako wazi, makali, unaweza kuyasoma kwa kidole. Sarafu gani inazeeka upande mmoja? Nililala na swali hilo mchana, nikaamka nalo. Mwishowe nikaamua: ni kazi ya mwigaji mvivu. Alitengeneza upande wa maandishi, alipofika kwenye masharubu akachoka. Nilijivunia jibu hilo kwa muda wa robo saa nzima.

Halafu nikafanya kosa. Nikachukua majivu na limau, nikaisugua ile ya saba, nikaisugua mpaka mkono ukafa ganzi, nione ndani ni rangi gani. Ikatoka nyeupe, inang'aa kama meno ya tangazo la dawa ya meno. Nikaitazama. Haikuniambia chochote. Bati nalo linang'aa.

Jumanne nikaenda Buyenzi kwa fundi wa fedha. Shangazi alikataa kungoja nyumbani. Alikuja amevaa kitenge cha kanisani, na njia nzima alishika kikapu kwa mikono miwili.

Kibanda cha fundi kiko kati ya muuza matairi na mtu anayefufua betri za magari. Fundi mwenyewe ni mtu wa rika langu, mnene, mchangamfu, miwani yake ina mkono mmoja na upande wa pili ni uzi aliouzungusha sikioni. Alimwaga rupia kwenye kitambaa cha buluu, akatabasamu kwa zile sita nyeusi. Alipofika kwenye ya saba, tabasamu likaisha.

"Nani alisugua hii?"

Nikaangalia matairi.

"Ni huyu," shangazi akasema. "Alisoma."

"Ah," fundi akasema. "Alisoma." Alivyolitamka neno lile, nilihisi diploma yangu inadondoka ukutani huko nyumbani. "Bwana mukubwa, huu weusi ni barua. Mahali palipoguswa na kitu kingine, weusi unashika tofauti, sisi tunasoma. We umefuta barua kabla ya kuisoma."

"Sema tu kama ni bati," shangazi akamkata.

Fundi akavuta jiwe jeusi, laini, dogo kama kipande cha sabuni. Akakwaruza ukingo wa rupia ya saba juu yake, ukabaki mstari mweupe. Pembeni akakwaruza moja ya zile sita, ukabaki mstari mwingine. Akachukua kichupa, akadondosha tone moja kwenye kila mstari. Sijapata kuangalia tone kwa hamu namna ile tangu nizaliwe. Muuza matairi alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu, na mteja wake naye.

Yote mawili yakageuka mekundu kama damu.

"Fedha," fundi akasema.

"Rudia," shangazi akasema.

Akarudia, tone jipya, mstari mpya. Jekundu.

"Fedha, mama. Ni ndugu ya zile sita."

"Sasa kwa nini iko bubu?"

Hapo fundi naye akashikwa na ugonjwa wangu. Niliona macho yake. Akabana kioo kidogo cha kukuzia kwenye jicho, akaigeuza rupia pole pole kwenye mwanga, akapitisha ukucha ukingoni. Ukucha ukakwama.

"Hapa," akasema. "Njoo uone, we uliyesoma."

Nikatazama kupitia kioo. Juu kabisa, pale kofia ya mzungu ilipokuwa, ukingo ulikuwa na kovu: mabaki ya kijivu ya risasi ya kulehemu, na kutoka hapo ufa mwembamba kama unywele unaoingia ndani.

"Hii ilikuwa ya shingo," fundi akasema. "Ilikuwa na kitanzi hapa, cha kupitishia uzi. Mutu alikitoa. Na si mufundi, maana mufundi angekipasha moto kikatoka chenyewe. Huyu alipiga na patasi, ama kisu na jiwe. Alikuwa na haraka. Akapasua. Fedha ikipasuka haiimbi tena, hata kama ni safi namna gani."

"Na huu uso uliofutika?" nikauliza.

"Huo ndio ulikuwa unalala kifuani. Ngozi, jasho, nguo, kila siku inasugua kidogo kidogo. Ndiyo maana pia ni nyepesi kuliko nyingine. Hii haikuvaliwa sikukuu tu, mama. Huyu mutu alilala nayo, alioga nayo. Miaka ishirini, labda thelathini."

Hata yule wa betri alikuwa ameacha kugonga.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja. Aliichukua rupia mkononi mwa fundi, akaitazama muda mrefu.

"Siku ya ndoa," akaanza, kisha akakohoa, akaanza upya. "Siku ya ndoa yule mama alikaa mbele yangu, kiti cha kwanza. Kila nikiinua macho, yeye anafanya hivi."

Akapeleka vidole kooni, akavipitisha kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu anayepapasa.

"Hivi. Kanisani. Hivi tena wakati wa chakula. Mi nikasema moyoni: huyu mama ananiambia atanikata shingo. Mbele ya padri! Tangu siku hiyo sikula chakula chake mpaka mume wangu aonje kwanza. Alipokuja kuona watoto wangu, nilikaa karibu na mulango. Alipougua nilimupelekea uji, nikauweka pale nje, nikagonga, nikaenda."

"Alikuwa anaitafuta," nikasema. "Mkono ulikuwa umezoea..."

"Nyamaza. Najua."

Muuza matairi akaondoka taratibu, akamvuta mteja wake kwa shati.

Wakwe walipata sita tu, basi. Hayo tuliyaelewa sote bila mtu kuyatamka. Waliahidi saba, wakatafuta Kajaga nzima, wakapata sita, na yule mama akajivua ya saba, akaipiga patasi usiku au alfajiri kabla ya kuondoka. Hakumwambia mtu. Na angesemaje? Kueleza rupia ilikotoka ni kukiri kwamba zilipungua.

Fundi, aliyekuwa na moyo mwema lakini pia na kazi, akasubiri kadiri alivyoweza.

"Mama, mi ningeshauri hivi. Hizi sita zinatosha kabisa kwa bangili. Hiyo moja nitairudishia kitanzi, nizibe ule ufa, uivae we mwenyewe."

"Vizuri sana!" nikasema. Nilikuwa nimeshaona picha yote. "Au tuihifadhi, shangazi. Ni historia hiyo! Ningeiwekea kioo, pale sebuleni, karibu na..."

"Juu ya televisheni yako haikai," shangazi akasema. "Na shingoni mwangu haikai."

"Kwa nini?"

"Aliitoa ili zifike saba." Aliiweka kwenye kitambaa cha buluu, katikati ya zile nyeusi, moja tu nyeupe kwa ajili ya kiherehere changu. "Angetaka ibaki shingoni, angebaki nayo. Mi ni nani nizirudishe kuwa sita? Weka zote. Na uanze na hiyo."

Nilijaribu kubishana. Nilitaja vizazi vijavyo, nikataja wataalamu, nadhani nilitaja hata majumba ya makumbusho ya Ulaya. Shangazi alingoja nimalize, kama mtu anayengojea gari la takataka lipite, kisha akamwambia fundi, "Washa."

Fundi akakwangua ile risasi ya zamani kwa uangalifu, kwa maana, alisema, punje yake moja ingeharibu fedha yote. Akazipima rupia zote mbele ya shangazi, aliyemwonya kwamba akiiba hata tone atamjua kwa uzito wa mfuko wa shati. Akaiweka ya saba kwenye kikombe cha udongo, akaelekeza moto. Kwanza haikutaka. Kisha kovu likaanza kulegea, ufa ukajifunga wenyewe, na yule mzungu asiye na uso akainama, akakaa, akawa tone. Fundi akaongeza nyingine, moja baada ya moja, masharubu na ndege na yote. Kikombe kilipojaa, fedha ilitetemeka ndani yake kama kiini cha yai. Shangazi hakupepesa macho hata mara moja. Mimi nilipepesa kwa niaba yetu wote wawili, na si kwa sababu ya moshi.

Bangili tungeifuata Ijumaa. Tukarudi kupanga mstari wa basi, mstari mrefu wa siku hizi za uhaba wa mafuta, ambao naamini mwanzo wake ulikuwa Bujumbura na mwisho wake Uvira, ng'ambo ya mpaka. Shangazi alisimama mbele yangu na kikapu kitupu. Mstari ukasogea hatua mbili.

"Yule mama alijua kuanika ndagala," akasema.

Niliogopa kumkatiza.

"Za wengine unatafuna na muchanga. Zake, apana. Alikuwa anazigeuza moja moja, kwa mukono, juu ya majani. Moja moja! Mume wangu alikuwa ananiambia, mi nikisema anajidai tu."

Mstari ukasogea tena. Nyuma yetu mtu alikuwa anagombana na kondakta ambaye hata hajafika.

"Wali ndio hakujua," shangazi akaongeza, akageuka kunitazama ili nisije nikadhani mambo yamezidi. "Wali alikuwa anaupika kama anataka kuujengea nyumba."

Akaanza kucheka, kidogo kidogo, mabega yakitikisika, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akacheka tena. Nami nikacheka naye, mpaka mama mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka na kutuuliza kama basi limeonekana.